Jibu kwa mpiga besi: roki ya progresivu ni nini, na uanzie albamu ipi

Swali hili limetoka kwa msomaji aliyeko Morogoro, mpiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli. Anaeleza kwamba rafiki yake alimtumia albamu ya Yes, bendi ya Uingereza, ambayo wimbo wake wa kwanza unakaribia dakika 19, akausikiliza mara mbili bila kujua aushike wapi. Baadaye yeye na wenzake wakajaribu kuupiga wimbo "Money" wa Pink Floyd, wakawa wanapotezana kila mzunguko ulipokaribia kuisha. Anauliza ni kitu gani hasa kinachoifanya roki iitwe progresivu, maana kila anayemuuliza humpa jibu lake, na ni albamu zipi zinazostahili kutangulizwa.

Ndugu yangu, jina lenyewe halitusaidii sana. Progresivu ni kitu kinachosonga mbele, lakini ukilitafsiri kuwa "roki ya kimaendeleo" msikilizaji atadhani unazungumzia mradi wa kisima. Nitaliacha lilivyo, na pengine nitalifupisha kuwa progu, kama wapenzi wa muziki huu wanavyolifupisha. Lilishika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati vijana waliokulia katika roki na bluzi walipoanza kuchota bila kuomba ruhusa kutoka kwa jazi, kwa muziki wa klasiki wa Ulaya, kwa kwaya za makanisa walikoimba utotoni na kwa nyimbo za kale za vijiji vya Kiingereza.

Majibu uliyopewa nayajua, kwa kuwa nami niliwahi kupewa. Wapo wanaosema progu ni nyimbo ndefu. Wapo wanaosema ni hesabu ngumu za mapigo, na wengine hutaja wingi wa vinanda, ufundi wa kujionyesha na majalada yaliyochorwa visiwa vinavyoelea angani. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na hakuna linalotosha. Kuhusu hesabu, kundi la jazi la Dave Brubeck lilirekodi "Take Five" mwaka 1959 kwa mapigo matano, na hakuna aliyeiita roki. Chakacha ya pwani yetu huenda kwa mapigo sita, na akina mama wanaoicheza hawahesabu chochote. Kuhusu urefu, "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, inafika takribani dakika 14, na kabla ya hapo bendi za Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam zilizoea kuukata wimbo mmoja vipande viwili ili uenee katika pande mbili za santuri ndogo.

Lakini angalia kinachofanyika ndani ya urefu huo. Sebene likikolea, raha yake ni kubaki palepale: gitaa linazunguka, mchezaji anazidi kuzama, na mpigaji akihama kabla ya wakati anazomewa. Progu hufanya kinyume. Raha yake iko katika kuhama, na zaidi katika kurudi. Kwa maoni yangu, ambayo nimeyashikilia kwa muda mrefu na sijapata sababu ya kuyaacha, progu ni roki iliyotungwa kama safari: inapita sehemu zinazotofautiana kwa kasi, kwa ufunguo na kwa hesabu ya mapigo, na mahali fulani wazo lililosikika mwanzoni linarejea likiwa limebadilishwa na yote yaliyopitiwa katikati. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja yuko karibu na jambo hili kuliko anavyodhani, kwa kuwa bashraf inayopigwa kabla ya nyimbo hupita sehemu moja baada ya nyingine, na kati ya sehemu hizo kipande kimoja hurejea. Tofauti ni kwamba kwenye bashraf kipande hicho hurejea kama kilivyokuwa, ilhali mtungaji wa progu hukirejesha kikiwa kimevaa nguo nyingine.

Nililijua hili kwa ajali. Zamani za kaseti nilikwenda kwenye kibanda kimoja cha kurekodia muziki nikiwa na kaseti tupu ya dakika 90, nikaomba upande mmoja uwekwe albamu ya King Crimson iitwayo Red, ya mwaka 1974. Albamu ile ina dakika 40 hivi, kwa hiyo ingeenea vizuri katika dakika 45 za upande ule, ila fundi, kwa ukarimu au kwa usahaulifu, alitanguliza nyimbo mbili za watu wengine kabisa. Wimbo wa mwisho, "Starless", ukakatika katikati ya ghasia: mkanda uliisha, kitufe kikaruka, redio ikanyamaza. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ule ni wimbo wa huzuni unaoishia katika fujo, nikawa nauheshimu bila kuupenda.

Nilipoupata mzima ndipo nilipoelewa. Unaanza polepole, vinanda vikitandaza sauti za violini na gitaa la Robert Fripp likipiga tuni ya majonzi, kisha John Wetton, mpiga besi, anaimba beti zake. Baada ya dakika nne na ushee karibu kila kitu kinaondoka, inabaki besi ikizunguka kwa mapigo 13. Juu ya besi hiyo Fripp anapiga noti moja tu. Anairudia, anairudia tena, anapanda kidogo, anairudia, anapanda kidogo, wakati Bill Bruford anagongagonga vyuma na mbao kama mtu anayetafuta mlango gizani. Jambo hilo linaendelea kwa dakika nyingi bila haraka yoyote, hadi kifua cha msikilizaji kinaanza kubana. Kisha kasi inalipuka, saksafoni inaingia, mapigo ni yaleyale 13 lakini sasa yanakimbia. Na pale unapodhani bendi imejipoteza yenyewe, ile tuni ya mwanzo inarejea, safari hii kubwa kama ukuta. Noti hazikubadilika. Uliyebadilika ni wewe, kwa sababu umepitishwa kule katikati. Fundi wangu alikuwa ameniuzia safari isiyo na kufika.

Tangu hapo kipimo changu kimekuwa swali moja: ukiondoa sehemu ya katikati, je, mwisho unapoteza maana? Kama haupotezi, ulichonacho ni roki ndefu, au roki ya mafundi, na huenda ikawa nzuri sana, lakini sitaiita progu kwa kutazama saa peke yake.

Muziki wa namna hii usingewezekana bila santuri kubwa. Santuri ndogo ilibeba dakika tatu au nne kila upande, ilhali kubwa ilibeba dakika 20 na ushee kabla ya sauti kuanza kudhoofika, na ndiyo sababu tungo nyingi mashuhuri za progu zina dakika kati ya 18 na 23: ni upande mmoja wa santuri. Beatles walipotoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mwaka 1967 waliwaonyesha wenzao kwamba albamu nzima yaweza kuwa kitu kimoja, na mwaka huohuo Moody Blues wakatoa Days of Future Passed wakiwa na okestra. Makampuni nayo yakanusa biashara, zikazaliwa lebo kama Harvest na Vertigo mwaka 1969, na kumbi za vyuo vikuu vya Uingereza zikajaa wanafunzi waliokuwa tayari kukaa sakafuni na kusikiliza badala ya kucheza. Hilo la kukaa sakafuni si dogo. Bendi inayopigia watu waliokaa ina uhuru ambao ninyi wa hotelini hamna.

Kulikuwa pia na chombo. Melotroni ni kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndani yake hamna nyuzi wala mirija: chini ya kila kitufe mna mkanda uliorekodiwa violini, filimbi au kwaya halisi. Ukibonyeza, mkanda unapita kwenye kichwa cha kusomea kwa muda wa sekunde 8 hivi, kisha unaisha, na huna budi kuachia kitufe ili springi iurudishe mwanzo. Mpigaji hawezi kushikilia noti apendavyo, na mikanda huyumba kidogo, kwa hiyo violini vyake husikika kama vinatoka chini ya maji. Kasoro hizo ndizo zilizokuwa uzuri wake. Mike Pinder wa Moody Blues aliwahi kuajiriwa na kiwanda hicho kabla ya bendi yake kupata jina, na si ajabu kwamba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukiingiza katika roki.

Albamu ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa mlango ni In the Court of the Crimson King ya King Crimson, iliyotoka Oktoba 1969. Miezi mitatu nyuma, tarehe 5 Julai, bendi hiyo ilikuwa imepiga Hyde Park, London, kabla ya Rolling Stones kupanda jukwaani, ingali haina albamu hata moja sokoni. Jalada lake ni uso mwekundu ulioachama kinywa kwa kelele, kazi ya Barry Godber, ambaye alifariki miezi michache tu baadaye. Ndani mna nyimbo tano. Wa kwanza unakwaruza, sauti ya Greg Lake ikiwa imepitishwa kwenye mitambo hadi inafanana na tangazo la stendi, kisha katikati bendi nzima inasimama na kuondoka kwa pamoja mara kadhaa, kila ala ikigonga noti ileile kwa wakati uleule. Wa pili ni filimbi tupu na upole. Kuweka vitu hivyo viwili bega kwa bega, mwaka 1969, kulikuwa tangazo. Naikiri albamu hii kuwa ya lazima, ingawa "Moonchild", baada ya dakika zake mbili za mwanzo, huwa naruka.

Sasa tuje kwenye shida yenu ya "Money". Mzunguko wa besi wa Roger Waters una mapigo 7, na miili yenu imezoea 4, kwa hiyo kila mkifika mwisho mnalisubiri pigo la 8 ambalo halipo. Usilihesabu saba zima kwa mkupuo. Ligawe 4 na 3: nne za kutembea, tatu za kugeukia, na ukitamka "moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu" kwa sauti huku vidole vikipiga, baada ya robo saa utaacha kuhesabu. Mpiga drams wenu agonge ngoma ya snea katika pigo la 2, la 4 na la 6, la 7 aliachie ngoma ya mguu, na asijaze chochote mwishoni mwa mzunguko, kwa kuwa kule kujaza ndiko kunakolizaa lile pigo la nane. Kisha sikilizeni tena mwanzo wa rekodi, kabla besi haijaingia. Zile sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya fedha ya dukani ni vipande vya mkanda vilivyopimwa na kuunganishwa kuwa duara moja, navyo pia vinakwenda kwa 7. Wimbo unakufundisha hesabu yake kabla ala yoyote haijapigwa. Saksafoni ya Dick Parry inapita juu ya mapigo yaleyale saba; gitaa la David Gilmour linapoanza solo, bendi nzima inahamia 4, na hapo ndipo mtakapopata nafuu, kabla ya kurudishwa tena kwenye 7 kwa ubeti wa mwisho.

Watu hubishana kama Pink Floyd ni progu, na sababu yao ni kwamba mafundi wale hawakuwa na mbio: Gilmour anapiga noti chache, Nick Mason hapigi drams za kushangaza watu. Kwa kipimo changu wamo, tena mbele. The Dark Side of the Moon ilirekodiwa katika studio za Abbey Road kati ya 1972 na 1973, Alan Parsons akiwa kwenye mitambo, baada ya bendi kuipiga jukwaani kwa miezi kadhaa ikiirekebisha mbele ya watu. Inafunguliwa na mapigo ya moyo na kufungwa na mapigo ya moyo. Tuni ya "Breathe", inayosikika mwanzoni kama mtu anayetuliza mtoto, inarejea mwishoni mwa "Time", baada ya saa zote kulia na baada ya kuambiwa kwamba miaka imepita bila wewe kujua. Tuni ni ileile, ila sasa anayeimba ni mtu mzima aliyechoka anayerudi nyumbani. Nyimbo hazina pengo kati yake, na ukiupanga upya mfululizo wake albamu inavunjika. Imekaa kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa zaidi ya wiki 900 kwa jumla, jambo ambalo halithibitishi ubora wowote, ila linakanusha ile dhana kwamba progu ni ya wateule wachache.

Albamu uliyotumiwa na rafiki yako bila shaka ni Close to the Edge, ya Septemba 1972, yenye nyimbo tatu tu. Alikuheshimu, lakini alikutupa kwenye kina. Wimbo wenye jina hilo unaanza kwa ndege na maji, kisha bendi inaingia kama watu watano wanaozungumza kwa mpigo mmoja, na hali hiyo inadumu hadi karibu dakika ya tatu. Imetungwa makusudi ili upotee, na anayeusikiliza kwa mara ya kwanza hupotea kweli. Nakushauri uingie kwa mlango wa nyuma. Anza na sehemu ya tatu, baada ya dakika ya nane, ambapo mapigo yanatulia, sauti mbili zinajibizana, na mwishowe Rick Wakeman anaachia kinanda cha mirija kilichorekodiwa katika kanisa la St Giles Cripplegate, London. Endelea hadi mwisho, usikie jinsi kibwagizo kinavyorejea juu ya kila kitu na kisha ndege na maji vikabaki peke yao. Hapo rudi mwanzo. Utakuta kwamba vile vipande vilivyoonekana fujo unavijua tayari.

Na kwa kuwa wewe ni mpiga besi, msikilize Chris Squire kuliko unavyomsikiliza mtu mwingine yeyote katika Yes. Alipiga Rickenbacker kwa kipigio badala ya vidole, akaipandisha sauti ya juu hadi besi ikawa na makali ya gitaa, na badala ya kufuata mguu wa drams alitembea njia yake, akikutana na Bruford, ambaye wakati huo alikuwa mpiga drams wa Yes, pale alipotaka. Njia rahisi zaidi ya kumjua ni "Roundabout", katika Fragile ya 1971. Bruford mwenyewe aliondoka mara tu Close to the Edge ilipokamilika, akaenda King Crimson, ambako bendi haikuwa maarufu kama ile aliyoiacha. Ukisikiliza "Starless" baada ya albamu hii utaelewa alichokifuata.

Genesis walianzia katika shule ya bweni ya Charterhouse, na kwao progu ilikuwa karibu na maigizo. Katika Foxtrot, ya 1972, utungo uitwao "Supper's Ready" unachukua karibu upande wote wa pili: sehemu saba, dakika 23 hivi, ukianzia chumbani kwa wapenzi wawili na kuishia siku ya kiyama. Sehemu ya sita ndiyo ya kukaa nayo. Besi, gitaa na drams zinashika mapigo 9 yaliyogawanywa 3, 2 na 4, zinayagonga kama mashine ya kusaga bila kuyumba, na juu yake kinanda cha Tony Banks kinatembea kana kwamba hakijasikia hesabu hiyo kabisa. Mvutano unaongezeka hadi hauvumiliki, kisha mashine inakatika na Peter Gabriel anarejea na maneno na tuni ya wale wapenzi wa mwanzo, sasa vikiwa vimeinuliwa hadi ukubwa wa wimbo wa kanisani. Mtu anayetaka kuelewa progu kwa mfano mmoja tu, nampa hizo dakika tano za mwisho, kwa sharti kwamba amesikiliza 18 zilizotangulia. Kwa nyimbo moja moja, Selling England by the Pound ya 1973 ni bora zaidi, na sauti yake ni safi kuliko ya Foxtrot.

Jethro Tull wana kisa chao. Wakosoaji waliiita Aqualung, ya 1971, albamu yenye hadithi moja, Ian Anderson akakataa, na ili kuwakejeli akatoa mwaka 1972 Thick as a Brick: wimbo mmoja tu kwa pande zote mbili za santuri, ndani ya jalada lililochapishwa kama gazeti la mji mdogo, mashairi yakidaiwa kuwa ya mtoto wa miaka minane ambaye hakuwahi kuwapo. Utani ule ulifika namba moja Marekani. Ninachokipenda ni kwamba mkejeli huyo, kwa kutaka kuonyesha upuuzi wa albamu za hadithi, alitunga mojawapo ya zile zilizoshikamana vizuri zaidi; filimbi na gitaa kavu vinaweka tuni ndogo mwanzoni, na kila unapoisahau inachungulia tena.

Kuanguka kulikuwapo pia. Yes wenyewe, mwaka mmoja baada ya Close to the Edge, walitoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili zenye nyimbo nne, kila moja ikijaza upande wake. Ilifika namba moja Uingereza, na Wakeman aliichukia waziwazi akaondoka mwaka 1974. Nami nipo upande wake. Kuna dakika nzuri mle, lakini zimetandazwa kama siagi ya watu wawili kwenye mikate ya harusi. Ukiondoa robo nzima mwisho haupungukiwi kitu. Emerson, Lake and Palmer nao walikuwa na Keith Emerson, mpiga vinanda wa kutisha aliyekuwa akivichoma visu vinanda vyake jukwaani ili vitufe vibaki vimebonyea, na upande wa kwanza wa Tarkus, ya 1971, unastahili sifa zake zote. Baada ya Brain Salad Surgery ya 1973 ufundi ulibaki, safari ikaisha. Kizazi cha punk kilipokuja 1976 na 1977 na nyimbo za dakika mbili na nusu, kilikuwa na hoja.

Nje ya Uingereza nitapita haraka, si kwa kudharau. Italia iliupenda muziki huu kwa moyo wote, kiasi kwamba Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, albamu ya 1971 ambayo Waingereza wenyewe hawakuijali, ilifika namba moja kule; na Waitaliano wakatunga ya kwao, hasa Storia di un minuto ya Premiata Forneria Marconi na Darwin! ya Banco del Mutuo Soccorso, zote za 1972. Ufaransa ilimtoa Christian Vander na kundi lake Magma, ambaye aliona Kifaransa hakimtoshi akabuni lugha nzima ya kuimbia. Mekanïk Destruktïw Kommandöh ya 1973 ni kwaya, besi na kishindo, na mpiga besi hawezi kuikwepa. Kanada ilitoa Rush, walioshinikizwa na kampuni yao waandike nyimbo fupi baada ya albamu iliyokosa soko, wakajibu mwaka 1976 kwa 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni utungo mmoja wa dakika 20. Uliwaokoa. Waliofuata wapo wengi. Kwa ufupi wake nakutajia Misplaced Childhood ya Marillion, 1985, Images and Words ya Dream Theater, 1992, kwa mwenye kupenda roki nzito, na Fear of a Blank Planet ya Porcupine Tree, 2007.

Utaniuliza kama sisi tumo popote katika habari hii. Tumo kwa pembeni. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na kabla Queen hawajawa bendi ya viwanja vya mpira walikaribia sana progu: Queen II, ya 1974, haikuwa na upande A na B bali upande mweupe na upande mweusi, na ule mweusi, uliotungwa wote na yeye, unapita kutoka wimbo hadi wimbo bila kupumzika. Hakuna marudio ya kina kama ya Genesis, kwa hiyo nauweka mlangoni, si sebuleni. Peter Gabriel, kwa upande wake, aliondoka Genesis mwaka 1975, akawa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD lililofanyika mara ya kwanza 1982, na baadaye akafungua studio na lebo ya Real World. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila mwaka 1989. Muziki wa Remmy si progu hata kidogo, wala haukuhitaji kuwa, lakini kama baba yako aliwahi kuwa na albamu ile nyumbani, basi kazi ya mwimbaji wa "Supper's Ready" ilishafika kwenu kabla hujazaliwa.

Kwa mtu wa besi mwenye bendi inayofanya kazi, ningeanza na The Dark Side of the Moon kwa wiki nzima, kwa sababu hesabu zake chache zinashikika na umbo lake liko wazi. Kisha Red, kwa ajili ya Wetton na kwa ajili ya ule wimbo wa mwisho. Kisha Foxtrot, upande wa pili. Na hapo ndipo uirudie Close to the Edge uliyokwisha kutumiwa, ambayo nadhani haitakuwa ngeni tena. In the Court of the Crimson King utaisikiliza vizuri zaidi ukiwa umeshajua ilizaa nini. Zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, usikilize upande mzima kwa mkao mmoja, na ikiwezekana kwa spika mbili, kwa kuwa mengi yamegawanywa kati ya kushoto na kulia. Na kabla hujaanza, angalia urefu wa faili la "Starless" utakalotumiwa: linapaswa kupita dakika 12. Likiishia kwenye tisa, rudisha.